Kutua Baharini Kuuliza Njia: Kisa cha Ndege ya NC-3, Mei 1919

Mchana wa tarehe 17 Mei 1919, ndege ya majini ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyojulikana kama NC-3 ilikuwa imekwisha kukaa hewani zaidi ya saa 15, usiku kucha na asubuhi nzima, ikitoka Newfoundland kuelekea visiwa vya Azores vilivyo mbali katika Bahari ya Atlantiki. Kamanda wake, John Towers, alikuwa na hakika kwamba visiwa viko karibu, lakini hakuweza kusema viko mkono gani. Ukungu ulikuwa umefunika pande zote, petroli ilikuwa ikipungua, na watu watano waliokuwamo walikuwa wamechoka. Mwanya ulipotokea aliiona bahari chini, na kwa mtu aliyeko juu bahari ile ilionekana shwari. Aliamua kushuka, azime injini, apime mahali alipo, kisha aruke tena na kumalizia sehemu ndogo ya safari iliyobaki. Ndege ilitua, lakini haikuruka tena. Iliingia bandarini siku mbili baadaye, ikiwa imesafiri karibu njia yote kinyumenyume, mkia mbele, ikisukumwa na upepo.

Habari hii husimuliwa zaidi kwa ajili ya ushujaa wake, na ushujaa ulikuwapo. Hata hivyo, kabla ya ushujaa kulikuwa na ajali, nayo inastahili kuchambuliwa kama ajali nyingine yoyote: ni mambo gani yaliyomfikisha kamanda kwenye uamuzi ule, bahari iliifanya nini ndege, na kwa nini chombo kilichoundwa makusudi kukaa majini kilishindwa na maji.

Ndege za NC zilipata jina lao kutokana na herufi za mwanzo za Jeshi la Wanamaji na za kampuni ya Curtiss, walioziunda kwa pamoja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili zipambane na nyambizi za Ujerumani. Wazo lilikuwa ziruke zenyewe kutoka Marekani hadi Ulaya badala ya kubebwa melini. Vita vilikwisha Novemba 1918 kabla hazijatumika, lakini wazo la kuvuka Atlantiki lilibaki. Zilijengwa nne, NC-2 ikavunjwa ili kupata vipuri, na tatu zilizobaki zikaondoka Rockaway, New York, tarehe 8 Mei 1919. Njia ilipangwa kupitia Trepassey katika Newfoundland, kisha Azores, kisha Ureno, na mwisho Uingereza. Kipande kirefu na cha hatari kilikuwa kile cha Trepassey hadi Azores, chenye takriban maili 1,200 za baharini.

Umbo la ndege hizi lina uzito mkubwa katika kisa hiki. Mabawa yake mawili, moja juu ya jingine, yalikuwa na upana wa mita 38 na zaidi, na uzito wa kuondokea ulikuwa karibu kilo 12,700. Chini ya mabawa hayo kulikuwa na bodi ya mashua isiyofika urefu wa mita 14, ambayo ndimo walimokaa watu. Mkia haukuungwa mwishoni mwa mashua, bali ulishikiliwa na nguzo ndefu zilizouinua juu ya maji. Injini nne za Liberty, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 400, ziliwekwa juu ya mashua, kati ya bawa la chini na la juu, mbili kati yake zikiwa katikati, moja mbele ya nyingine. Chini ya kila ncha ya bawa kulikuwa na boya dogo. Maboya haya hayakubeba ndege; yalifanya kazi ya matengo ya ngalawa, yaani kuizuia isilale ubavu. Msomaji ayakumbuke maboya hayo, na azikumbuke injini mbili za katikati, kwa kuwa tutarudi kwake.

Aliyesanifu bodi hiyo ya mashua alikuwa Holden Richardson, ofisa wa jeshi hilo, naye alikuwa mmoja wa marubani wa NC-3 siku hiyo. Ni mara chache mhandisi hupata kukaa siku mbili ndani ya jaribio la kazi yake mwenyewe.

Ndege tatu ziliondoka Trepassey jioni ya tarehe 16 Mei. Zilikuwa nzito mno kwa mafuta, na NC-3 haikuweza kuinuka mpaka ilipomwacha ofisa mmoja wa kikosi chake ufukoni. Jeshi la Wanamaji lilikuwa limepanga manowari zaidi ya 20 kwenye kipande hiki cha njia, moja kila maili 50 za baharini, ili zitoe moshi mchana, na usiku zirushe fataki za mwanga na kumulika angani kwa taa kubwa. Mpango huu ulikuwa wa gharama kubwa na wa uangalifu mkubwa, lakini ulikuwa na kasoro moja ya msingi: uliegemea macho. Rubani asiyeiona meli hakusaidiwa na kuwapo kwake, hata kama ilikuwa maili tano tu kutoka kwake.

Usiku ulipita salama kwa kiasi, ingawa taa za NC-3 ziliharibika na kuifanya iwe hatari kwa wenzake waliofuatana nayo gizani. NC-4, iliyokuwa na mwendo zaidi, ilitangulia peke yake. Kulipopambazuka, NC-3 ilizikosa baadhi ya meli za njiani, na hapo likatokea kosa ambalo naliona kuwa ndilo chanzo cha yaliyofuata. Towers aliiona meli kwa mbali, akaichukua kuwa mojawapo ya meli za mpango, na akaurekebisha mwelekeo wake kwa kuifuata. Meli hiyo ilikuwa Marblehead, manowari iliyokuwa ikirejea kutoka Ulaya kwa shughuli zake na isiyohusika kabisa na safari ile. Tangu dakika hiyo hesabu zote za NC-3 zilijengwa juu ya alama isiyo alama. Kisha ukungu ukashuka, na nafasi ya kulisahihisha kosa kwa macho ikapotea.

Kulikuwa na njia ya pili, nayo ni redio. Ndege zilibeba kifaa cha kutambua upande ambako mawimbi ya redio yanatoka, lakini cheche za mfumo wa kuwashia injini zilileta kelele nyingi kiasi kwamba kifaa hicho hakikufaa kitu wakati injini zikifanya kazi. Aliyetaka kusikia vizuri ilimbidi azime injini, na aliyetaka kuzima injini ilimbidi atue. Bila kukusudia, waliopanga safari walikuwa wamemwekea kamanda aliyepotea mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo ulifungukia juu ya maji.

Je, alikosea kutua? Tukiuweka uamuzi wake kando ya uamuzi mbadala, si rahisi kumlaumu. Mbele yake, mahali pasipojulikana ndani ya ukungu, kulikuwa na mlima wa kisiwa cha Pico wenye kimo cha mita 2,351, na kuendelea kuruka chini bila kuona kungeweza kumpeleka moja kwa moja ubavuni mwake. Kuruka juu ya ukungu kungemlinda na mlima, lakini kungemaliza mafuta bila kumjulisha chochote. Isitoshe, Patrick Bellinger, kamanda wa NC-1, alifikia uamuzi uleule karibu saa ileile, mahali pengine, bila wawili hao kushauriana. Makamanda wawili kati ya watatu wanapofanya jambo moja kila mmoja kivyake, kosa, kama lipo, si la mtu. Limo katika namna fani nzima ilivyokuwa ikifikiri. Wote wawili waliamini kwamba ndege ya majini ikikwama inaweza kusimama baharini kama mpita njia anayesimama kando ya barabara kuuliza. Imani hiyo ilitokana na mazoea ya ghuba na bandari, ambako kutua na kuondoka ni mambo mawili yenye ugumu unaokaribiana. Katika bahari kuu mambo hayo hayalingani hata kidogo.

Jambo la kwanza lililowadanganya ni kimo. Mtu aliyeko juu huisoma bahari kwa mapovu meupe yanayotokea upepo unapovunja vilele vya mawimbi. Asipoyaona mapovu mengi, huamini kuwa maji yametulia. Lakini kuna mawimbi ya aina nyingine, marefu, yaliyozaliwa na upepo wa mbali, yanayovimba na kushuka bila kuvunjika. Chini ya anga la mawingu, ambako jua halipigi kivuli, mawimbi hayo hayaonekani kabisa kutoka juu. Yanaanza kuonekana ndege ikiwa imebakiza mita chache kuyagusa. Wakati huo rubani amekwisha kupunguza nguvu za injini, mwendo umeshuka, na ndege ya tani 10 au zaidi haiitiki upesi hata akiomba kurudi juu.

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Mashua ya kawaida hupanda na kushuka pamoja na wimbi kwa sababu inakwenda polepole. Ndege inayotua huja kwa mwendo mkubwa, na nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo wimbi ambalo mvuvi angelipanda bila kulifikiria huwa kwa ndege kama ukingo wa ukuta. Ikigonga kilele cha kwanza, hurushwa hewani ikiwa na mwendo usiotosha tena kuruka, kisha hudondoka bondeni au hujipigiza kwenye ubavu wa wimbi linalofuata. Ndiyo maana mafunzo ya leo humtaka rubani anayelazimika kutua bahari kuu atue sambamba na mistari ya mawimbi hayo marefu badala ya kuyakabili uso kwa uso, hata kama itambidi kuvumilia upepo kidogo wa ubavuni.

NC-3 ilipogonga, bodi ya mashua ilipata ufa na kuanza kuvuja, lakini haikupasuka. Kilichoshindwa kilikuwa juu yake. Injini moja ya Liberty ina uzito wa karibu kilo 380, na katikati ya ndege zilikaa mbili, zikibebwa na nguzo juu kabisa ya maji. Mashua iliposimamishwa ghafla na wimbi, uzito huo wa zaidi ya kilo 700 uliendelea na safari yake ya mbele na ya chini, na nguzo zikapinda. Hapa naona somo la usanifu ambalo halisemwi vya kutosha: mhandisi aliyeiandaa mashua ikabili mawimbi alifanya kazi nzuri, ila mashua iliyobebeshwa mzigo mzito juu ya miguu mirefu huwa na udhaifu wa ile miguu, hata mbao zake ziwe imara namna gani. Kuanzia hapo kuwasha injini kwa nguvu zote za kurukia kungeweza kuzing'oa.

Inavutia kusema kwamba NC-3 ilishindwa kuondoka kwa sababu ilivunjika, na kwamba kama ingetua kwa ulaini zaidi safari ingeendelea. NC-1 inalikanusha hilo. Ndege hiyo, iliyokuwa na rubani Marc Mitscher ambaye baadaye alikuja kuwa admirali mashuhuri wa Vita Kuu ya Pili, ilitua bila kuvunjika vibaya, na bado haikuweza kuondoka. Ili ndege ya majini iruke, inapaswa kwanza ikimbie juu ya maji mpaka bodi yake iinuke na kuteleza badala ya kuyakata maji, na mbio hizo zinahitaji mamia ya mita za uso ulio sawasawa. Kila NC-1 ilipojaribu kuongeza mwendo, mawimbi yalikuwa yakiirudisha. Mawimbi yakaanza kuila mabawa na mkia, na watu wake wakalazimika kupasua kitambaa cha bawa la chini ili maji yapite badala ya kuikalia ndege. Baada ya saa kama tano walionwa na meli ya mizigo ya Kigiriki, Ionia, iliyowachukua wote sita hadi Horta, mji wa bandari huko Azores. Jitihada za kuifungasa NC-1 hazikufaulu. Ilipinduka na hatimaye ikazama. Kwa hiyo ndege iliyotua vizuri ilipotea, na iliyotua vibaya ikafika.

Tofauti hiyo haikuletwa na bahati peke yake, ingawa NC-1 haikuwa na sababu ya kukataa kuokolewa. NC-3 haikuonwa na mtu yeyote. Redio yake ilipata umeme kutoka kwenye jenereta iliyozungushwa na rafadha ndogo kwa upepo wa mwendo wa ndege, na ndege iliyosimama majini haina upepo huo. Matokeo yake yalikuwa ya kikatili: Robert Lavender, ofisa wa redio, aliweza kuwasikia waliokuwa wakiwatafuta, akasikia kwamba wanatafuta mahali pasipo, lakini hakuweza kuwajibu. Ukiutazama mpango wote kwa pamoja utaona kwamba ulitegemea kutua baharini kama njia ya kutumia redio vizuri, huku ukiwa na redio iliyopoteza sauti yake mara tu ndege ilipotua. Kati ya kasoro zote za safari ile, hii ndiyo ambayo ingeweza kugunduliwa mapema mezani, kwa kalamu na karatasi.

Towers hakuwa mgeni wa maji wala wa kuanguka ndani yake. Mwaka 1913, akiwa abiria katika ndege ndogo ya majini juu ya Ghuba ya Chesapeake, upepo uliirusha ndege hiyo kiasi cha kumtupa nje rubani William Billingsley, aliyekuwa mwanahewa wa kwanza wa Jeshi la Wanamaji la Marekani kufa kazini. Towers alishikilia nguzo akaanguka pamoja na ndege hadi majini, akapona. Labda ndiyo sababu, alipogundua kwamba hataruka tena na kwamba hakuna anayemjia, hakupoteza muda kuomboleza ndege. Alianza kuishughulikia kama chombo cha baharini kilichopata matatizo.

Kulipopata mwanga, mlima wa Pico ulijitokeza kwa muda, na hapo walijua hatimaye walipo. Kisiwa cha Faial, kilicho jirani yake, kilikuwa upande upepo unakotoka, na hawakuwa na nguvu ya kwenda kinyume chake. Kilichobaki ni kisiwa cha São Miguel, mbali zaidi, lakini upande upepo unakoelekea. Ndege iliyoachwa majini hujigeuza yenyewe pua ikielekea upepo, kama kishale cha kuonyesha upepo, kwa sababu mkia hunasa hewa zaidi kuliko pua. Kisha husukumwa nyuma. Towers na wenzake waliikubali hali hiyo. Kwa kutega usukani wa mkiani upande huu au ule, waliweza kuifanya irudi nyuma kwa mshazari badala ya kwenda arijojo, na hivyo wakailenga São Miguel. Marubani wa ndege za majini hufundishwa jambo hilohilo hadi leo: injini ikizimwa katika upepo, ndege husafirishwa kinyumenyume kwa usukani na vibao vya mabawa, mpaka ifike gatini au ufukoni.

Saa zilizofuata zilikuwa za kwenda mrama kwa maana halisi ya neno. Bahari ilizidi kuchafuka. Watu walikumba maji kwa zamu, wakala vyakula vilivyolowa maji ya chumvi, na walipoishiwa maji ya kunywa wakanywa yale yenye kutu yaliyokuwa katika rejeta za injini. Kisha boya la bawa la kushoto likang'oka. Bila boya hilo, kila wimbi lingeweza kuizamisha ncha ya bawa na kuipindua ndege nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kibaharia kabisa: mtu mmojammoja alipanda kwenye bawa la kulia na kukaa huko nje, juu ya mawimbi, uzito wake ukiwa badala ya kile kilichopotea. Mabaharia wa ngalawa huufanya utaratibu huo kila upepo unapokaza, ila wao hurudi nyumbani jioni.

Siku ya tatu, tarehe 19 Mei, São Miguel ilionekana. Manowari Harding iliposogea kutoa msaada, Towers aliukataa. Sikubaliani sana na wanaouita ukaidi. Kuifungasa ndege katika bahari chafu ndiko kulikohusika katika kuipoteza NC-1, na mtu aliyeyajua mwenendo wa chombo chake kwa siku mbili alikuwa na haki ya kuiogopa kamba kuliko mawimbi. Aliwasha injini zilizoweza kufanya kazi na kuingia bandari ya Ponta Delgada kwa nguvu zake mwenyewe, baada ya takriban saa 52 majini na zaidi ya maili 200 za baharini.

NC-4 ilikuwa na nini ambacho wenzake hawakuwa nacho? Albert Read, kamanda wake, aliruka katika ukungu uleule, kwa dira na redio za aina ileile. Kupitia mwanya wa ukungu alikiona kisiwa cha Flores chenyewe, si meli ya kubahatisha, na kuanzia hapo alijua alipo. Akatua Horta baada ya saa 15 na dakika 18, ndani ya maji yaliyokingwa na nchi kavu. Katika kipande hicho hakulazimika kuijaribu bahari kuu. Tarehe 27 Mei aliruka hadi Lisbon, na tarehe 31 akafika Plymouth, ndege yake ikiwa ya kwanza kuvuka Atlantiki.

Towers, mkuu wa kikosi kizima, aliomba kuendelea na safari ndani ya NC-4. Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Josephus Daniels, alikataa, na kamanda aliyeifikisha ndege iliyovunjika bandarini kwa upepo akaendelea kwenda Ulaya kwa meli.